Lori la Ford lililovalishwa chuma: Marmon-Herrington lilivyotengenezwa

Ukiiona picha ya Marmon-Herrington mara ya kwanza unaweza kucheka, maana inaonekana kama fundi wa mtaani kachukua lori akalizungushia mabamba ya chuma halafu akapachika sufuria kubwa juu, na wala hujakosea sana, ni lori kweli. Chini ya yale mabamba kuna Ford ya kubebea magunia. Lakini kwenye Vita Kuu ya Pili yalitoka magari 5,746 ya aina hii, yote yameundwa Afrika Kusini, nchi ambayo 1938 haikuwa na gari lake hata moja, ilikuwa inaunganisha tu vipande vilivyoshushwa bandarini kwenye makreti. Na kazi yake ya mwanzo mwanzo ililetwa huku kwetu, kaskazini mwa Kenya, Somalia mpaka Ethiopia.

Kinachowachanganya watu ni jina. Marmon-Herrington ni kampuni ya Marekani, ya Indianapolis, kwa hiyo wengi wanadhani ni gari la Kimarekani. Sio. Chesisi na injini ni za Ford, zilitoka Canada. Mfumo wa kuendesha magurudumu ya mbele ndo wa Marmon-Herrington. Bunduki na redio za Uingereza. Mabamba ya chuma yameyeyushwa Pretoria na kazi ya kuunganisha ikafanyika Afrika Kusini hukohuko. Wenyewe kwenye makaratasi yao waliliita tu gari la upelelezi la Afrika Kusini, ila Waingereza wakashika jina la yule aliyeleta difu ya mbele, likabaki hilo hadi leo. Ni kama ujenge nyumba yako halafu mtaa mzima uiite kwa jina la fundi bomba.

Tuelewane kwanza, gari la upelelezi ni kitu gani, kwa sababu hapa ndipo watu wanapolionea. Kifaru kinatumwa kwenda kupigana. Gari la upelelezi linatumwa kwenda kuona halafu lirudi, au likae hukohuko juu ya kilima na kusema kwenye redio kwamba jamaa wako hapa, wana magari mangapi, wanaelekea wapi. Silaha yake kubwa ni ile redio. Bunduki ni ya kujitoa kwenye matatizo ukishashtukiwa. Kwa hiyo unachohitaji ni mwendo, mafuta ya kwenda mbali, gari lisilokufa njiani, na chuma cha kutosha kuzuia risasi ya bunduki ya kawaida na vipande vya bomu. Marmon-Herrington lilikuwa na chuma cha milimita 6 hadi 12 tu. Ukilisema kwamba lilikuwa jepesi la kutobolewa uko sawa, lakini ni kama kumlaumu mpeleka barua kwamba hajui ngumi.

Sasa mwanzo wake. Jeshi la Afrika Kusini lilikuwa na magari mawili ya deraya ya Crossley na vifaru viwili vya Vickers, vyote vimenunuliwa miaka ya 1920, basi hapo ndo mwisho wa orodha. Mwaka 1938 serikali ikasema tujaribu kuunda la kwetu, na oda yenyewe ilikuwa ya kiunyonge, magari 22. Halafu ikaja Septemba 1939. Bunge la Cape Town likagombana kama waingie vitani au wakae pembeni, waziri mkuu Hertzog alitaka kukaa pembeni akashindwa kwa kura 67 dhidi ya 80, Jan Smuts akachukua nchi na tarehe 6 wakatangaza vita na Ujerumani. Oda ya magari 22 ikaruka ikawa 1,000. Uingereza hawangeweza kuwauzia kitu, wenyewe walikuwa hawana cha kutosha.

Aliyepewa mzigo wa kutafuta vifaa vyote vya vita alikuwa Hendrik van der Bijl, mhandisi aliyekuwa anaongoza shirika la umeme na lile la chuma, ISCOR, ambalo kiwanda chake cha Pretoria kilikuwa kimeanza kutoa chuma cha pua 1934 tu. Yaani kiwanda cha miaka mitano ndicho kinaambiwa kitoe chuma cha deraya. Na chuma cha deraya sio bati nene, hapa watu wengi wanakosea. Ukikiacha laini risasi inapita. Ukikikaza mno kinakuwa kama kioo, kinapasuka. Inabidi ukipashe moto na kukipoza kwa vipimo, na kikishakaa sawa hakitoboleki kwa kekee ya kawaida, kwa hiyo unakata na kutoboa matundu kabla ya kukikaza, halafu kwenye moto kinajikunja kidogo, ukija kufunga unakuta tundu la hapa halilingani na tundu la pale. Mtu yeyote aliyewahi kufunga geti lililochomelewa vibaya anaelewa maumivu haya, sasa wewe zidisha mara elfu na huko nje kuna vita.

Magari yenyewe chini yalikuwa rahisi kidogo, kwa sababu Ford walishakuwa na kiwanda cha kuunganisha Port Elizabeth tangu miaka ya 1920, tawi la Ford ya Canada, ndo maana chesisi zikatoka Canada. Injini ni V8. Najua siku hizi ukisema V8 mtu anawaza mheshimiwa na vioo vyeusi, lakini hii ilikuwa V8 ya petroli ya Ford, nguvu za farasi kati ya 85 na 95, sasa hivi gari dogo la kawaida mjini linaizidi. Hiyo ndo ilivuta gari la tani kama 6.

Toleo la kwanza, Mark I, likatoka 1940. Yalitengenezwa 113 tu, na kasoro yake ilikuwa moja kubwa: lilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake.

Nieleze kwa nini hii ni kesi. Kuna siku niliwahi kukaa saa nne kwenye udongo mweusi, ule unaonata kama ugali wa dona, na pikapu ya tairi mbili za nyuma. Dereva anakanyaga mafuta, tairi za nyuma zinazunguka zinachimba kaburi lao, na tairi za mbele zimetulia tu hazina habari, kazi yao ni kukata kona. Kila ukikanyaga ndo unazama. Likaja lori la fowili, dereva hata hakushuka, akavuta kirungu kimoja akapita pembeni yetu taratibu kwa sababu tairi za mbele zake zilikuwa zinajivuta zenyewe kutoka kwenye tope huku za nyuma zinasukuma. Sasa hiyo pikapu yetu ilikuwa na mikaa. Gari la deraya lina tani kadhaa za chuma juu, limekaa nje ya barabara, na pengine kuna mtu analipiga risasi.

Kuweka fowili kwenye lori lisilokuwa nayo sio jambo la kubadilisha tairi. Nyuma ya gia boksi unaongeza boksi jingine linalogawa nguvu, moja inaenda nyuma kama kawaida, nyingine inarudi mbele kwa propela shafti mpaka kwenye ekseli ya mbele, ambayo nayo lazima iwe na difu yake. Na kuna mtihani wa mwisho: tairi ya mbele inatakiwa izungushwe na injini na wakati huohuo ipinde kona, kwa hiyo kwenye kona ya ekseli unahitaji jointi inayokubali kujikunja huku inazunguka chini ya uzito wote ule. Viwanda vichache duniani vilikuwa vinaweza kuitoa kwa wingi. Marmon-Herrington walikuwa mojawapo. Zamani Marmon walikuwa wanatengeneza magari ya kifahari, gari lao ndo lilishinda mashindano ya kwanza ya Indianapolis 500 mwaka 1911, kisha mdororo wa uchumi ukawaua, na 1931 Walter Marmon akaungana na mhandisi Arthur Herrington wakahamia kwenye malori, na baadaye kazi yao ikawa kununua hizi Ford za kawaida na kuzigeuza fowili. Kwa Waafrika Kusini ilikuwa kama bahati, chesisi wanayo tayari, mtu wa kuuza nusu ya mbele yupo.

Mark II ikawa na hiyo fowili. Zilitoka 887, nazo ziligawanyika aina mbili na hapa pia watu huchanganya. Aina ya kwanza, 549, ilikuwa ya vikosi vya Afrika: bunduki mbili za rashasha za Vickers, zile za kupozwa kwa maji ambazo wazee wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku kwetu, walikuwa wanaita bombomu, moja kwenye kibanda cha juu kinachozunguka, nyingine imetokeza ubavuni kushoto kama kiwiko cha dereva wa daladala. Aina ya pili, 338, ilitengenezwa kwa ajili ya Waingereza wa Mashariki ya Kati, na hiyo ilikuwa na bunduki ya Boys ya kutoboa chuma pamoja na rashasha nyepesi ya Bren. Gari ni lile lile, ila mteja tofauti na silaha tofauti.

Basi Juni 10, 1940 Italia ikaingia vitani, na Waitaliano walikuwa wamekaa Ethiopia, Eritrea na Somalia, majirani kabisa. Julai wakachukua Moyale. Kaskazini mwa Kenya kulikuwa na Keya, na kikosi cha upelelezi kilichoundwa Kenya ambacho baadaye kikawa cha magari ya deraya, halafu Waafrika Kusini wakaanza kushuka Mombasa na kupelekwa juu. Ukisikia mtu anasema Marmon-Herrington ni gari la jangwa la Libya mkumbushe Isiolo, Marsabit, Wajir. Hizi zilikuwa njia za ngamia na malori machache ya wafanyabiashara, mawe ya volkano yanayochana tairi kama wembe, vumbi, na mvua ikinyesha ni bahari.

Desemba 1940 wakavamia El Wak mpakani, Waafrika Kusini pamoja na askari wa Gold Coast, hiyo ndo Ghana ya leo. Februari 1941 Waafrika Kusini wakaenda Mega, kusini mwa Ethiopia, na pale mvua ikawafundisha adabu, fowili au si fowili magari yalikwama na askari wakamalizia kwa miguu mpaka mji ukaangushwa tarehe 18. Upande wa pwani ya Somalia mambo yalienda kwa kasi nyingine kabisa. Kismayu ikachukuliwa katikati ya Februari, wakavuka mto Juba, Mogadishu tarehe 25. Kutoka Mogadishu kwenda Jijiga walitembea karibu kilomita 1,200 kwa siku 17, brigedi ya Wanigeria ikiongoza, juu ya barabara nzuri ambayo Waitaliano wenyewe walikuwa wameijenga kwa ajili ya ufalme wao. Aprili 6 wakaingia Addis Ababa.

Kwenye mbio kama hizo ndo unaelewa kwa nini gari lenye matumbo ya lori ni mali. Adui anakimbia, wewe unakimbiza, karakana kubwa iko nyuma kilomita mia kadhaa. Gari la deraya likivunja springi unaichukua kwenye lori la Ford lililopinduka jana. Fundi yeyote aliyewahi kufungua Ford anaijua injini. Magari ya kijeshi yaliyobuniwa kuanzia mwanzo yalikuwa bora kwa mambo mengi, nakubali, ila spea yake inakuja kwa meli kutoka Coventry.

Kuna jambo moja ambalo makala za magari huwa zinaruka. Waafrika weusi wa Afrika Kusini siasa za kwao hazikuwaruhusu kubeba bunduki, waliletwa kama madereva, wabebaji na vibarua, na wale wa mchanganyiko wa Cape waliendesha malori ya mizigo kwenye njia hizohizo. Waliokaa ndani ya deraya ya Afrika Kusini walikuwa wazungu. Wakati huohuo pembeni yao Keya, Wanigeria na Wagold Coast wanapigana na bunduki mkononi. Barabara moja, vita moja.

Na kukaa ndani ya chuma sio raha kama inavyoonekana kwenye sinema. Unaona nje kupitia kijitundu chembamba kama cha sanduku la sadaka. Jua la saa saba mchana linafanya bamba liwe kikaango, injini inakupulizia joto lake, mnakaa wanne mmebanana na risasi na madebe ya maji. Ukifunga kila kitu uko salama kidogo lakini ni kipofu. Mei 19, 1941 pale Colito, Ethiopia, vifaru vya Italia vililivamia batalioni ya Keya ya Tanganyika, ile 1/6, askari hawana kitu cha kuvitobolea, basi sajenti mmoja anaitwa Nigel Leakey akaruka juu ya kifaru, akafungua mfuniko, akawapiga risasi waliokuwa ndani akimwacha dereva, akaenda na kwa kingine akauawa. Alipewa Victoria Cross, nishani kubwa kabisa ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa. Chuma kinazuia risasi, hakizuii mtu aliyekusogelea usipoweza kumwona. Ndo maana makamanda wa magari ya upelelezi walipenda kusafiri kichwa kikiwa nje, na ndo maana wengi walikufa kwa risasi ya kichwa.

Sasa Libya. Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa magari ya deraya huko, wakapokea ya Afrika Kusini kwa furaha, na mwezi huohuo wa Februari 1941 kikosi cha King's Dragoon Guards kikiwa na Marmon-Herrington ndicho kilichokutana na wapelelezi wa Kijerumani karibu na El Agheila. Dhidi ya Waitaliano gari lilikuwa linatosha. Wajerumani walikuja na magari ya deraya yenye mzinga wa milimita 20 unaofyatua mfululizo, na hiyo inapita kwenye milimita 12 bila kubisha hodi. Boys yenu inapiga moja moja. Hapo ndo vijana wakaanza ufundi wao wa porini.

Walichofanya ni kung'oa kile kibanda cha juu chote, wakabaki na gari lililo wazi kama bafu, halafu wakafunga katikati silaha yoyote waliyoteka. Kulikuwa na yaliyofungwa Breda ya Kitaliano ya milimita 20, mengine Breda ya 47, mengine mzinga wa Kijerumani wa 37, na hata za Kifaransa za 25. Kila kikosi na gari lake, kila gari na risasi zake ambazo hazipo kwenye stoo ya jeshi, unaokota kwa adui. Fikiria mhasibu wa risasi. Kinga ya juu ikawa ngao ndogo tu au haipo, lakini walichagua hivo kwa akili timamu, bora niwe wazi nina kitu cha kujibu kuliko niwe nimefunikwa bati lisilozuia. Kwangu mimi hapa ndo sehemu tamu ya hadithi nzima, kwa sababu askari wa kawaida na spana zao walikuwa wanamwambia mbunifu wa Pretoria toleo linalofuata linatakiwa liweje.

Mark III ndo iliyotoka kwa wingi zaidi, 2,630. Fupi kidogo, imeboreshwa hapa na pale, lakini silaha bado ni ileile Boys na Bren. Hiyo ilifika hadi Malaya na Singapore ikatekwa na Wajapani, na Wajerumani nao huko jangwani wakiyateka waliyapaka msalaba wao wakaendelea nayo.

Jibu halisi lilikuwa Mark IV. Waliacha kabisa habari ya kuvalisha lori, wakajenga boksi la chuma ambalo lenyewe ndo chesisi, injini ikahamia nyuma, wafanyakazi watatu, na juu mzinga wa ratili mbili, milimita 40. Ila vifaa vya Indianapolis vikawa havitoshi, ikabidi toleo jingine litumie difu na ekseli za lori la kijeshi la Ford ya Canada ambalo lilikuwa fowili tangu kuzaliwa, hilo likaitwa Mark IVF. Kwa hiyo kuna Marmon-Herrington ambayo haina kitu cha Marmon-Herrington ndani yake, jina tu. Zote pamoja 2,116. Na zilianza kutoka kwa wingi 1943, mwaka ambao Mei vita ya jangwani iliishia Tunisia. Gari waliloliomba vijana wa Libya likafika vita imeshahama kwenda Italia, kwenye milima, madaraja yaliyovunjwa na vijia vyembamba, na huko deraya za Kiingereza za Daimler na Humber na za Kimarekani zilishajaa. Walijaribu pia la magurudumu manane wakiiga Wajerumani, halikuzalishwa.

Kabla ya hapo, Septemba 1942, zile za zamani zilipata safari moja zaidi na watu wetu. Madagascar ilikuwa chini ya Wafaransa wa Vichy, ile serikali iliyoshirikiana na Wajerumani, brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ikashuka Majunga tarehe 10, magari ya deraya ya Waafrika Kusini yakitangulia mbele na Keya nyuma kwenye malori, na tarehe 23 wakawa Antananarivo. Wafaransa hawakupigana sana kwa mizinga, walipigana kwa miti na mawe: wanakata miti inaangukia barabarani, wanajenga ukuta wa mawe kwenye kona, wanaondoka. Gari la deraya mbele ya gogo halina maana yoyote. Linasimama, linalinda, na Keya wanashuka na mashoka.

Zile Mark IV ambazo hazikupata vita yao ziliipata kwa watu wengine. Jeshi la Kiarabu la Transjordan, Jordan ya leo, lilikuwa nazo 1948 kule Palestina. Wagiriki walizichukua wakakaa nazo miongo kadhaa kulinda visiwa vyao, na Cyprus mwaka 1974, Waturuki walipotua, bado kulikuwa na Mark IVF za walinzi wa taifa zinatoka kwenda kukutana nao, gari lenye ekseli za lori la mwaka 1940 na kitu. Afrika Kusini wenyewe walirudi kwenye biashara hii miaka ya 1960 kwa kuunda Eland kutoka kwenye Panhard ya Kifaransa.

Yapo yaliyobaki Johannesburg kwenye jumba la makumbusho ya kijeshi pale Saxonwold. Ukipita uiname uchungulie chini, upande wa gurudumu la nyuma, utaona springi zimepangwa juu ya springi, zilezile ambazo fundi wa malori anazijua bila kuambiwa ni za nini.